Fulana isiyopimwa ni maji tu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nazungumza nawe kutoka Msanzi, wilayani Kalambo, huku juu Ufipa ambako mwezi wa Juni ukifika mtu hatoki nje asubuhi bila koti. Lakini leo sizungumzii koti la baridi. Nazungumzia vazi ambalo wengi tumeliona picha tu, nalo ni fulana ya kuzuia risasi, ile ambayo vijana huiita buletiprufu. Nataka tujiulize inachaguliwaje, inampasa nani, na kwa nini fulana mbaya ni hatari kuliko kutokuwa na fulana kabisa.

Huenda utasema hilo ni jambo la Wizara ya Mambo ya Ndani na makamanda, na kwamba mkulima wa ulezi na mahindi halimhusu. Linamhusu. Askari anayesimama usiku kwenye kizuizi cha barabara, na mwenzake anayelinda kituo akiwa na taa moja ya mafuta, ni watoto wa wakulima hao hao. Fulana nayo hununuliwa ama kwa kodi yetu ama kwa michango yetu. Basi mwenye mtoto na mwenye fedha anayo haki ya kuuliza.

Tukumbuke yaliyotupata. Usiku wa Julai 12, 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, jijini Dar es Salaam. Watu saba waliuawa, wanne kati yao askari polisi, na bunduki zikachukuliwa. Aprili 13, 2017 askari wanane waliviziwa ndani ya gari lao huko Kibiti, mkoani Pwani, wakauawa. Agosti 25, 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mmoja aliua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla naye hajauawa. Jirani zetu wa Kenya nao, Novemba 2012, walipoteza takriban askari 40 kwa siku moja katika bonde la Suguta, eneo la Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa.

Sisemi kwamba fulana ingewaokoa wote hao. Risasi ya kichwa haizuiliwi na fulana. Januari 29, 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, majangili walifyatulia risasi helikopta ya doria ya wanyamapori. Risasi ilitokea chini, ikapenya sakafuni, na rubani wake Mwingereza akafariki. Fulana hukinga kifua, mgongo na mbavu. Haikingi paja wala shingo. Lakini kifuani ndimo mlimo moyo na mapafu, na huko ndiko mtu mwenye bunduki hulenga.

Ndugu msikilizaji, sisi Watanzania hatukuanza jana kutafuta kinga ya risasi. Mwaka 1905, huko Ngarambe katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu dawa ya maji akiwaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Agosti mwaka huo huo wapiganaji walilikabili boma la Mahenge mbele ya bombomu, na maelfu kwa maelfu wakafa katika vita vile hadi mwaka 1907, wengi zaidi kwa njaa iliyofuata. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, wapiganaji wa Simba mwaka 1964 waliamini dawa ya namna hiyo, na mpaka miaka yetu hii wako wanaoitwa Mai-Mai.

Siwataji wazee wale kwa dharau. Walikuwa mashujaa, na maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi. Ila kama kinga ya risasi yalikuwa na kasoro moja kubwa: hakuna aliyeyapima kabla ya vita. Mtu aliambiwa yanazuia, akaamini, akasonga mbele wazi pale ambapo bila dawa angejificha nyuma ya mti. Hapo ndipo ninaposema kwamba kinga mbaya ni hatari kuliko kutokuwa na kinga. Na hapo ndipo fulana ya leo inapotakiwa kujibu swali lile lile: nani amekupima?

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Fulana laini hushonwa kwa matabaka mengi ya kitambaa cha nyuzi ngumu mno. Uzi maarufu zaidi, Kevlar, uligunduliwa mwaka 1965 na mwanakemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na kwa uzito ule ule una nguvu mara tano ya chuma. Ukitaka kuelewa, fikiria mpira ukiingia golini. Wavu hauvunji mpira. Huunyonya mwendo wake, kila kamba ikivuta jirani yake, mpaka mpira ukachoka. Ndivyo risasi ya bastola inavyonaswa. Tangu fulana hizo zianze kuvaliwa na polisi wa Marekani miaka ya 1970, zaidi ya askari 3,000 wameorodheshwa kuwa walinusurika kwa ajili yake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Wavu wa dagaa haumzuii kiboko. Risasi ya bastola ya milimita 9 huenda kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Risasi ya SMG, bunduki ambayo dunia huijua kwa jina la Kalashnikov au AK-47, hutoka kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde. Uzito wa risasi hizi mbili haupishani sana, lakini kwa sababu ya mwendo huo nguvu ya SMG ni takriban mara tatu. Tena risasi yake ni nyembamba na nyingi zina kiini cha chuma. Fulana laini, hata iwe nene namna gani dukani, SMG huipenya. Kuizuia SMG kunahitaji bamba gumu la kauri, chuma au plastiki iliyoshindiliwa, ambalo huchomekwa katika mfuko wa mbele na wa nyuma wa fulana.

Ndiyo maana viko viwango. Kinachotumika sana duniani ni cha Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, kwa kifupi NIJ. Kwa miaka mingi madaraja yake yaliitwa IIA, II na IIIA kwa risasi za bastola, kisha III na IV kwa risasi za bunduki. Novemba 2023 taasisi hiyo ilitoa kiwango kipya na majina mapya: HG1 na HG2 kwa bastola, RF1, RF2 na RF3 kwa bunduki. Katika kiwango kipya risasi ya SMG imetajwa waziwazi miongoni mwa zile ambazo bamba la RF1 lazima lizizuie. Kwa hiyo mtu akikuletea fulana ya IIIA akasema, "Mzee, hii ni daraja la tatu, inazuia kila kitu," mjibu kwamba ile herufi A ni tofauti ya uhai na kifo. IIIA ni ya bastola. III ni ya bunduki.

Nalisema hili kwa sababu nimepata barua kutoka kwa msikilizaji wa Matai, mfanyabiashara. Anasema yeye na wenzake wanafikiria kuchanga fedha baada ya mavuno wawanunulie askari wao fulana, na tayari ameonyeshwa za bei nafuu, zilizotumika nje ya nchi. Anauliza kama ni wazo jema. Ndugu yangu, nia ni njema na Mungu akubariki. Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, nakuomba uulize maswali yafuatayo.

La kwanza: askari wetu wanakabiliana na silaha gani? Fulana huchaguliwa kwa adui, haichaguliwi kwa rangi. Huku kwetu mkononi mwa mhalifu unaweza kukuta gobore, ile bunduki ya kushindiliwa baruti na vipande vya chuma. Unaweza kukuta panga, kisu, mkuki na mshale, hasa panapozuka ugomvi wa mashamba na malisho. Na unaweza kukuta SMG, kwa kuwa tumepakana na maziwa na nchi ambazo vita vimemwaga silaha. Sasa jambo la ajabu ni kwamba fulana iliyotengenezwa kwa risasi si lazima izuie kisu, kwa kuwa ncha kali hupita katikati ya nyuzi. Kisu kina kiwango chake. Waingereza, ambao polisi wao hukutana na visu kuliko bunduki, hupima fulana zao kwa kisu na kwa risasi, na wana kipimo maalumu cha bunduki ya marisau. Muuzaji akuonyeshe maandishi: inazuia nini na haizuii nini.

Kuna kanuni nyingine ambayo wataalamu huisisitiza: fulana izuie angalau risasi ya silaha ambayo askari mwenyewe amebeba. Kwa nini? Kwa sababu silaha ya askari huweza kunyang'anywa na kumgeukia. Stakishari bunduki zilichukuliwa. Sasa askari wetu wengi hubeba SMG. Kwa kanuni hiyo, fulana laini peke yake haimtoshi askari wa Tanzania anapokwenda kwenye hatari. Lazima awe na mabamba.

La pili: cheti kiko wapi? Yako maneno mawili yanayofanana kama mapacha. Moja ni "imepimwa kwa kiwango cha NIJ," na la pili ni "imethibitishwa na NIJ." La kwanza muuzaji yeyote anaweza kuliandika. La pili maana yake aina hiyo ya fulana imo katika orodha rasmi ya taasisi yenyewe, na orodha hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Lebo ya ndani lazima ionyeshe mtengenezaji, aina, daraja, ukubwa, namba, tarehe ya kutengenezwa na upande unaotazama nje. Bamba nalo lisomwe vizuri: mengine hukinga peke yake, mengine hukinga tu yakiwa yamewekwa juu ya fulana laini. Ukilivaa la pili kama la kwanza, umevaa nusu ya kinga.

La tatu: ina umri gani? Watengenezaji wengi huidhamini fulana laini kwa miaka mitano. Nguo ya mtumba haina aibu, sote tumevaa, lakini fulana ya kuzuia risasi si sweta. Nyuzi zake huchoka kwa jua, unyevu, jasho na kukunjwa. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa ughali wake hulipwa na mjane.

Usidhani hilo ni neno la kutisha tu. Marekani kwenyewe, nchi yenye maabara na fedha, walinunua maji yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uliingia uzi mpya uitwao Zylon, mwepesi na wenye nguvu, na askari waliupenda. Juni 2003, katika mji wa Forest Hills, jimbo la Pennsylvania, risasi ilipenya fulana ya Zylon ambayo haikuwa imezeeka, na askari akajeruhiwa vibaya. Uchunguzi ukafanyika. NIJ ilipima fulana 103 za Zylon zilizokwisha kutumika, na 60 zikapenywa. Ikaonekana kwamba unyevu na mwanga huuozesha uzi ule taratibu, huku fulana kwa macho ikionekana nzima. Mwaka 2005 zikaondolewa katika orodha. Mwaka 2018 kampuni ya Toyobo ya Japan, iliyotengeneza uzi huo, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 66 kumaliza kesi.

Tofauti ya Wamarekani na wazee wa mwaka 1905 ni kwamba wao walirudi maabara. Kuanzia kiwango cha mwaka 2008, fulana laini kabla ya kupigwa risasi huzungushwa siku kumi ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 65 na unyevunyevu wa asilimia 80, ili izeeke kwanza. Kisha huwekwa mbele ya udongo laini na kupigwa. Haitoshi risasi isipenye. Shimo linalobonyea katika udongo lisizidi milimita 44, maana pigo peke yake laweza kuvunja mbavu na kuumiza viungo vya ndani. Hiyo ndiyo maana ya kupimwa.

La nne: je, itavalika? Swali hili husahaulika, nalo ndilo linaloua. Hapa Msanzi yuko mzee mmoja, askari mstaafu aliyerudi kulima. Nilipomwuliza habari za fulana alicheka akasema: "Mwanangu, mahali nilipokuwa tuliletewa moja, kubwa, nzito. Joto likizidi tunaivua tunaitundika kwenye kiti. Basi kiti ndicho kilichokuwa salama kuliko sisi." Nami nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Tazama nchi yetu ilivyo. Uwanda wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kasanga na Kirando, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ziko karibu mita 800 tu, na Bonde la Ziwa Rukwa vivyo hivyo. Askari anayepangiwa doria anaweza kuondoka Sumbawanga akitetemeka kwa baridi na kufika ziwani jasho likimtiririka. Fulana laini ina kilo mbili au tatu. Ongeza mabamba mawili, na mzigo unakaribia kilo kumi, bado bunduki, risasi na maji. Mtu hawezi kuuvaa kutwa kucha huko bondeni. Kwa hiyo busara ni kuwa na vyote viwili: fulana laini ya kuvaa kila siku, na mabamba yanayokaa tayari garini, ili yachomekwe taarifa ya hatari inapokuja. Fulana nyepesi inayovaliwa ni bora kuliko nzito inayovalishwa kiti.

Halafu kipimo cha mwili. Askari akikaa, fulana isisukumwe na mkanda ikamkaba koo. Isiwe fupi ikaacha tumbo wazi, wala isiache nafasi kubwa ubavuni. Askari wa kike apewe iliyokatwa kwa umbo lake. Ya mwanamume humbana kifuani na kuacha uwazi kwapani, na risasi haiombi radhi kwa kupita hapo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Fulana moja ya kituo kizima, anayovaa mrefu leo na mfupi kesho, haimkingi yeyote sawasawa.

La tano: nani ataitunza? Kinachokinga ni ile paneli ya ndani. Hiyo hufutwa kwa kitambaa kibichi, hailowekwi, haitiwi dawa ya madoa, haianikwi juani, haikunjwi. Kauri haitupwi chini kama jembe, maana hupasuka ndani bila kuonekana. Fulana iliyopigwa risasi hustaafu siku hiyo hiyo.

Na la mwisho: nani ataivaa? Fulana ikifika, isiishie stoo ikisubiri mgeni, wala isiwe pambo la mkubwa siku ya gwaride. Mwenye haki ya kwanza ni yule wa kizuizini usiku, yule anayetangulia mlangoni wakati wa kukamata, askari wa wanyamapori porini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi hao ndio waulizwe kabla ya kununua, wajaribishwe, wakimbie nazo, wapande gari nazo, waseme.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Matai na wengine wenye nia kama yako, msinunue wenyewe. Nendeni kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, mwulizeni upungufu ulioko, na mchango wenu uingie katika mpango wa Jeshi wenye vipimo, risiti na tarehe. Kama fedha zinatosha fulana nne za kweli, zinunuliwe nne. Fulana ishirini za uongo zitawapeleka vijana ishirini mbele ya bunduki wakiamini wamekingwa.

Nanyi wanunuzi wa serikali, mnapoandika zabuni, msiandike "fulana za kuzuia risasi" basi. Andikeni daraja, cheti, umri, ukubwa wa kila askari, na haki ya kuchukua moja kati ya mzigo na kuipiga risasi mbele ya mwuzaji. Mwuzaji mkweli hataogopa. Inatengwa moja iharibiwe ili tujue habari za tisini na tisa zilizobaki. Hiyo si hasara.

Na fulana haiondoi wajibu mwingine. Askari aliyekingwa vizuri hana haraka ya kufyatua, kwa kuwa hofu yake imepungua. Hiyo ni faida kwetu raia pia. Lakini kinga ya kwanza ya askari wa kata ni mwananchi anayemnong'oneza kwamba usiku huu usipite njia ile. Kwa hiyo raia tusinyamaze tukiona silaha inapita kijijini.

Ndugu msikilizaji, ukikutana na mbunge au diwani wako, usimwulize tu kama askari wetu wanazo fulana. Mwulize ni daraja gani, zilitengenezwa mwaka gani, na nani alizipima. Mpaka wiki ijayo, nakutakia usiku wa amani. Kwaheri.